Larisa Lazutina: Bingwa wa Theluji Ambaye Warusi Walikataa Kumwacha

Leo naomba tutoke kidogo kwenye Simba na Yanga. Najua wapo watakaonuna, lakini mpira upo kila siku. Leo nataka tumwongelee mwanamama mmoja wa Urusi aliyejenga jina lake kwenye theluji. Tena si ule mchezo wa kushuka mlima kwa mbwembwe tunaouona kwenye sinema. Huu ni mchezo wa skii za masafa, ambapo mtu anajifunga mbao mbili nyembamba miguuni, anashika fimbo mbili mikononi, halafu anapanda na kushuka vilima msituni kilometa 5, 10, 15 hadi 30. Kwa lugha nyepesi ni marathoni ya kwenye baridi, na ndiyo maana mimi nisiyejua theluji nimejikuta naupenda. Mapafu ni mapafu, yawe Iten au Siberia.

Anaitwa Larisa Lazutina. Ukifungua kumbukumbu za Olimpiki utakuta ana medali 7, na 5 kati ya hizo ni za dhahabu. Ukifungua matokeo ya Salt Lake City ya mwaka 2002 utakuta jina lake limeandikwa pembeni, ameenguliwa. Halafu ukienda Odintsovo, mji ulio magharibi mwa Moscow, utakuta eneo la msitu lenye njia ya lami ambako watu wanafanya mazoezi ya skii za magurudumu, wanakimbia na kuendesha baiskeli. Mahali hapo pana jina la Larisa Lazutina. Wenyeji wanapaita kwa kifupi "Lazutinka".

Sasa hapo ndipo niliponasa. Mimi ni mwandishi wa gazeti, na kwenye dawati la michezo tuna tatizo moja la maneno ambalo hatulisemi hadharani. Mkimbiaji wa Afrika Mashariki akishinda Boston au Chicago tunaandika "shujaa wetu". Akikamatwa na dawa miezi michache baadaye tunaandika "mwanariadha wa Kenya". Lile "wetu" limeshatoroka mchana kweupe! Warusi kwa Lazutina walifanya kinyume kabisa. Lile "wetu" walilishikilia kwa meno, na bado wanalishikilia.

Tuanze mwanzo basi. Lazutina alizaliwa tarehe 1 Juni 1965 Kondopoga, huko Karelia, kaskazini-magharibi mwa Urusi, jirani na Finland. Jina la kwao lilikuwa Ptitsyna, linalotokana na neno la Kirusi lenye maana ya ndege, yule anayeruka. (Kwa wanahabari wenzangu: Kondopoga unasifika kwa kiwanda kikubwa cha karatasi za magazeti. Nilipolisoma hilo nikacheka peke yangu.) Mtoto wa Karelia kujua skii si ajabu, ni kama mtoto wa Kigamboni kujua kuogelea. Ajabu ni kupenya hadi timu ya taifa ya Muungano wa Kisovieti, maana upande wa wanawake ile timu ilikuwa moto wa kuotea mbali. Alipenya, na mwaka 1987 akapata dhahabu yake ya kwanza ya dunia katika mbio za kupokezana huko Oberstdorf, Ujerumani.

Mwaka 1990 alimaliza wa kwanza kwenye msimamo wa Kombe la Dunia la msimu mzima. Mwaka 1992, Albertville, Ufaransa, akapata dhahabu ya Olimpiki, tena ya kupokezana. Kumbuka Muungano wa Kisovieti ulikuwa umevunjika Desemba 1991, wiki chache tu kabla. Wale wanawake wanne walishindana kama "Timu ya Pamoja", na walipopanda jukwaani bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Olimpiki, kwa sababu nchi iliyowalea haikuwepo tena. Mmoja wao alikuwa Raisa Smetanina, aliyekuwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 40, na ile ilikuwa medali yake ya 10 ya Olimpiki. Wengine walikuwa Yelena Välbe na Lyubov Yegorova.

Haya majina mawili ya mwisho yashike, kwa sababu ndiyo yaliyomfunika Lazutina kwa miaka. Yegorova alikusanya dhahabu 6 za Olimpiki kati ya 1992 na 1994. Välbe alikuwa anachukua Kombe la Dunia kama anachukua mkate dukani. Lazutina alikuwa yule wa tatu, yule unayemhitaji kwenye mbio za kupokezana lakini picha ya ukurasa wa kwanza anapewa mwingine. Hata mwaka 1995, alipochukua dhahabu 4 kwenye mashindano ya dunia Thunder Bay, Canada, miaka miwili baadaye Välbe akajibu kwa kuchukua zote 5 za Trondheim. Mashindano hayohayo ya Trondheim, Yegorova alinaswa na dawa iitwayo bromantani na kunyang'anywa ushindi wa kilometa 5. Kwa hiyo doa lilikuwa limeshaingia kwenye nyumba ile mapema.

Halafu ikaja Nagano, Japani, Februari 1998.

Wengi wetu huku tukisikia Nagano tunamkumbuka Philip Boit, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, mkimbiaji aliyefundishwa skii kwa mradi uliolipiwa na Nike. Alimaliza wa mwisho kwenye kilometa 10, nafasi ya 92, na mshindi wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri mwishoni ili amkumbatie. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Hadithi tamu, na tumeisimulia vya kutosha. Ambacho hatukusimulia ni kwamba kwenye theluji hiyohiyo wanawake wa Urusi walishinda mbio zote 5. Zote! Olga Danilova alichukua kilometa 15, Yulia Chepalova kilometa 30. Lazutina alichukua kilometa 5, kesho yake akachukua zile za kufukuzana za kilometa 10, kisha akawa kwenye timu ya kupokezana iliyoshinda. Ongeza fedha kwenye kilometa 15 na shaba kwenye kilometa 30. Alishiriki mara tano na kupata medali tano, akiwa na miaka 32. Hakuna mwanamichezo aliyetoka Nagano na medali nyingi kuliko yeye.

Nimeangalia picha za video za mbio zile. Hana madoido. Mwili mdogo, hatua fupi za haraka, uso haumwambii mtu kitu. Mtazamaji asiyejua mchezo anaweza kudhani anatembea tu, mpaka aangalie saa.

Ili uelewe kwa nini Warusi walimpenda namna ile, lazima uielewe Urusi ya wakati ule. Watu walikuwa wakikaa miezi bila mshahara, na Agosti ya mwaka huohuo 1998 rubo ikaporomoka na serikali ikashindwa kulipa madeni yake. Taifa lililokuwa likishindana na Marekani angani lilikuwa linaona aibu hata kwenye foleni ya benki. Urusi ilirudi kutoka Nagano na dhahabu 9, na 5 kati ya hizo zilitoka kwa wale wanawake wa skii. Lazutina peke yake alihusika kwenye 3. Serikali ikampa cheo cha Shujaa wa Shirikisho la Urusi, na ile Nyota ya Dhahabu. Hicho ndicho cheo cha juu kabisa nchini kwao, wanachopewa marubani wa angani na askari, wengine wakiwa wameshakufa. Norway nao, ambao skii kwao ni kama dini, wakampa medali ya Holmenkollen mwaka huohuo. Alimaliza msimu akiwa tena wa kwanza kwenye Kombe la Dunia, miaka 8 baada ya lile la kwanza.

Sasa twende Salt Lake City, Marekani, Februari 2002. Lazutina ana miaka 36. Kwenye mbio za kwanza, kilometa 15, amepata fedha. Kwenye zile za kufukuzana amepata fedha tena, nyuma ya Mrusi mwenzake Danilova. Wa tatu alikuwa Mcanada, Beckie Scott, aliyempita Kateřina Neumannová wa Czech kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Jina la Scott tutalirudia.

Tarehe 21 Februari ilikuwa siku ya kupokezana. Asubuhi, kabla ya mbio, wanariadha walipimwa damu. Kulikuwa na kiwango cha himoglobini ambacho ukikizidi hukuruhusiwa kushindana siku hiyo. Kwa maneno ya kawaida himoglobini ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni kwenye damu. Ikiwa nyingi, misuli inapata hewa zaidi, lakini damu nayo inakuwa nzito na ya hatari. Lazutina alizidi. Muda wa kubadilisha majina ulikuwa umekwisha, na mabingwa wa Olimpiki tatu mfululizo wakaondolewa bila kukanyaga theluji. Ujerumani ikashinda. Mimi huwa nawafikiria wale wengine watatu waliokuwa wameshavaa namba zao. Hakuna aliyewajengea bustani.

Urusi ikawaka. Mkuu wa kamati yao ya Olimpiki, Leonid Tyagachev, alitishia kuiondoa timu nzima kwenye michezo. Walikuwa tayari wana kinyongo: kwenye barafu, wachezaji wawili wa Urusi walikuwa wameshinda dhahabu, kisha kukaibuka kashfa ya majaji, na wapinzani wao wa Canada nao wakapewa dhahabu ya pili. Bunge la Duma likapiga kura kutaka timu isihudhurie sherehe za kufunga. Mwishowe walibaki na wakahudhuria. Lakini kwa mwananchi wa kawaida aliyekaa mbele ya televisheni kule Tula au Omsk, hesabu ilikuwa imeshafungwa: wanatuonea.

Tarehe 24, siku ya mwisho, Lazutina akaruhusiwa kwenye kilometa 30. Akashinda. Ingekuwa dhahabu yake ya 6, sawa na Yegorova, na medali ya 10, sawa na Smetanina. Yule dada wa tatu aliyefunikwa miaka yote hatimaye alikuwa amewafikia wote wawili. Furaha ile ilidumu saa chache. Siku hiyohiyo yakatoka majibu ya maabara ya yeye, Danilova, na Johann Mühlegg, Mjerumani aliyekuwa akiichezea Hispania: darbepoetini.

Hii darbepoetini ni ndugu wa EPO. Ni dawa halali ya hospitali, kwa wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Inauamuru mwili utengeneze chembe nyekundu, na inakaa mwilini muda mrefu kuliko EPO ya kawaida. Ilikuwa imeidhinishwa mwaka 2001 tu, yaani ilikuwa mpya kabisa sokoni, na haikuwa imetajwa kwa jina lake kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa, bali kama jamii ya EPO. Inaelekea wengi waliamini haipimiki. Ilipimika.

Mawakili wa Lazutina na Danilova walipambana kwelikweli. Walikwenda Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo, CAS, wakashindwa. Wakaenda Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi wakidai kwamba CAS haiwezi kuhukumu kwa haki kesi dhidi ya Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, kwa sababu haijitegemei mbele ya kamati hiyo. Mei 2003 mahakama ile ikasema CAS inajitegemea vya kutosha. Mwanasheria yeyote wa michezo leo anaijua hukumu hiyo, na inaitwa kwa jina la huyuhuyu Lazutina. Matokeo yake yanatugusa hadi huku. CAS ndiyo iliyomwongezea Mkenya Rita Jeptoo adhabu kutoka miaka 2 hadi 4 mwaka 2016, kwa kosa la EPO. Sasa fikiria, binti wa Kondopoga na dada wa Bonde la Ufa, dawa ya jamii moja na mlango mmoja wa mahakama.

Mwanzoni Lazutina alinyang'anywa ile dhahabu ya kilometa 30 tu, kwa hoja kwamba fedha mbili alizipata kabla ya kipimo kilichomkamata. Lakini ilikuwepo sampuli yake nyingine ya Desemba 2001, nayo ikaonyesha dawa hiyohiyo. Canada wakadai, na Desemba 2003 CAS ikaamua medali zote za Salt Lake za Lazutina na Danilova ziondoke. Beckie Scott, aliyeondoka Marekani na shaba, alipewa kwanza fedha, kisha Juni 2004 akavishwa dhahabu mjini Vancouver. Alikuwa Mcanada wa kwanza kushinda dhahabu ya skii za masafa, na aliipokea kiangazi, bila theluji, zaidi ya miaka miwili baada ya mbio. Hilo ndilo linaloniudhi katika mkasa mzima. Unaweza kumrudishia mtu medali, ile siku yake huwezi.

Na je, Lazutina? Alifungiwa miaka miwili, akaacha kushindana. Hadi leo dhahabu zake 5 za zamani ni zake kihalali, na dhahabu zake 11 za mashindano ya dunia pia. Cheo cha Shujaa hakuvuliwa. Akaingia kwenye siasa, akawa mbunge wa Duma ya mkoa wa Moscow kwa tiketi ya chama tawala. Na ile Lazutinka ikaendelea kuitwa Lazutinka.

Ni rahisi kusema Warusi hawana haya. Nami nilikuwa naelekea huko, mpaka nilipoangalia upande wa pili wa mpaka, kilometa chache kutoka Karelia alikozaliwa. Mwaka mmoja kabla ya Salt Lake, Februari 2001, Finland waliandaa mashindano ya dunia nyumbani kwao Lahti. Wanaskii wao 6 walinaswa wametumia dawa ya kuongeza maji ya damu, ambayo hushusha ile himoglobini isionekane imezidi. Timu ya wanaume ikanyang'anywa dhahabu ya kupokezana. Wafini hawakusema wameonewa. Walisema wameaibika, taifa zima, kama msiba. Mmoja wa wale sita alikuwa Mika Myllylä, bingwa wa Olimpiki wa Nagano kwenye kilometa 30, kipenzi cha watu, maarufu kwa kufanya mazoezi kwenye matope ya kinamasi. Baada ya Lahti maisha yake yalikwenda kombo, pombe ikiwemo. Alikutwa amekufa nyumbani kwake Julai 2011, akiwa na miaka 41.

Kwa hiyo nani alifanya vizuri, Mfini aliyemtupa mtu wake au Mrusi aliyemkumbatia wake bila kumuuliza chochote? Kwa kumtazama Myllylä nashawishika na Mrusi. Kisha nakumbuka yaliyofuata. Chepalova, aliyepanda hadi shaba ya kilometa 15 za Salt Lake baada ya Lazutina kuenguliwa, yeye mwenyewe alinaswa na EPO mwaka 2009. Mwaka 2016 zikaja ripoti za McLaren, zikieleza mpango wa kubadilisha sampuli za mikojo ya Warusi kwenye Olimpiki ya Sochi 2014. Mtu aliyekuwa amelelewa kwenye "wanatuonea" angezipokeaje ripoti zile? Alizipokea vilevile. Ukishampa kila anayekamatwa cheo cha aliyeonewa, unabaki na njia gani ya kumtetea yule anayeonewa kweli? Alexander Legkov, bingwa wa kilometa 50 za Sochi, alifungiwa maisha na Kamati ya Olimpiki mwaka 2017, na Februari 2018 CAS ikamsafisha kwa kukosekana ushahidi wa kutosha dhidi yake. Nje ya Urusi ni wachache waliotaka hata kusikia.

Beckie Scott naye hakukaa kimya. Alikuja kuwa kiongozi wa kamati ya wanamichezo kwenye WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa. Septemba 2018, WADA ilipolirudishia kibali shirika la Urusi la kupima dawa, alijiuzulu kwenye kamati iliyokuwa imependekeza hivyo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mashabiki wa Lazutina na wanaomchukia wote wanalirukaruka. Kipimo cha EPO kilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Nagano hakikuwepo. Kwa hiyo zile siku za Februari 1998 hakuna anayeweza kuzichafua, na hakuna anayeweza kuziosha. Si za Lazutina tu, ni za Wanorwe, Waitalia, Wafini na kila aliyepita kwenye theluji ile. Labda Philip Boit peke yake, aliyefika wa 92, ndiye ambaye hakuna mtu atakayefikiria kumpima upya.

Juzi nilikuwa naandika habari fupi ya mkimbiaji aliyefungiwa. Nilikaa na kichwa cha habari dakika ishirini. Nimemwacha na "wetu" yake, na kwenye mstari wa pili nikaweka jina la aliyemaliza nyuma yake. Mhariri amelifuta neno moja tu, na mnajua ni lipi.